Kahawa ya Alfajiri na Kiti cha Bibi

Mimi niko Igunga, salama salimini, na leo naomba tukae tunywe kahawa. Sizungumzii ile ya kukoroga kijiko kimoja cha unga kwenye maji ya moto ukakimbilia kazini, hapana. Kahawa yenyewe! Halafu nitawapeleka safari fupi hadi Tabora, maana safari hiyo ilinifundisha jambo kuhusu ndoa yangu ambalo semina zote za wanandoa nilizowahi kuhudhuria hazikunifundisha.

Tuanzie mwanzo. Baba watoto alihamishiwa huku kikazi, mimi nikabaki Dar na saluni yangu ya Sinza. Miaka miwili tukaishi kwa simu. Mwenzangu, ndoa ya simu we iache tu! Mwanzoni mnaongea saa nzima, baadaye dakika kumi, mwisho wa yote ni "umekula?", "nimekula", "haya, usiku mwema". Nilipoona mambo yanazidi kuharibika nikafunga saluni, nikafungasha, nikapanda basi la bara. Lakini dryer zangu mbili na sinki la kuoshea nywele nikaziacha stoo kwa dada yangu. Nilijiambia ni akiba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiachia njia ya kurudi.

Ukitokea Singida ukashuka mlima Sekenke, unakuta mbuga ya Wembere imetandazwa mbele yako kama mkeka, na ukiikata hiyo ndio unafika Igunga. Nilifika, nikapokelewa vizuri, nikapikiwa wali wa hukuhuku. Ajabu ni kwamba tulikuwa chumba kimoja na bado tunaongea kama tuko kwenye simu. "Umekula?" "Nimekula."

Kahawa iliingia nyumbani kwetu kwa bahati tu. Rafiki wa mume wangu alipita akitokea Kigoma, akatuachia kilo mbili za kahawa mbichi ya Kalinzi, kule milimani kunakolimwa arabika. Nilizitazama zile punje za kijani nikajiuliza, hivi hizi nazifanyaje? Nikaanza kuuliza watu, nikasoma, nikaunguza mara mbili. Mara ya tatu nikapatia. Sasa nawapa na ninyi, bila choyo.

Kwanza, elewa unachonunua. Kahawa ya daraja la juu huonjwa na wataalamu na kupewa alama kati ya 100, na ikifika 80 au zaidi ndipo inaitwa kahawa maalumu. Zile herufi unazoziona kwenye pakiti zinahusu punje. AA ni punje kubwa. PB ni punje ya duara iliyokaa peke yake ndani ya tunda, maana kwa kawaida tunda moja la kahawa hubeba punje mbili. Herufi pekee hazikuhakikishii utamu. Tafuta pakiti inayokwambia kahawa imetoka wapi na imekaangwa lini.

Pili, ukipata mbichi, kaanga mwenyewe. Weka kikaango kikavu kwenye moto wa wastani, usiache kukoroga hata kidogo. Punje zitatoka kijani kwenda njano, kisha hudhurungi, halafu utasikia zinaalika kama bisi. Hapo ongeza dakika moja au mbili tu, uepue. Kwa jiko langu la mkaa huchukua kama robo saa. Mwaga kwenye ungo, pepeta makapi, ziache zipoe, kisha zilaze hadi kesho yake. Fanyia nje, maana moshi wake si mchezo!

Tatu, saga zile za kunywa leo tu. Mimi natumia kinu. Kwa lita moja ya maji weka gramu 60, ambazo ni karibu vijiko viwili vya chakula kwa kila kikombe. Maji yakichemka, yaepue, subiri nusu dakika ndipo umimine. Funika kwa dakika nne, chuja kwa kitambaa safi. Na maji yawe mazuri, kwa sababu kikombe cha kahawa karibu chote ni maji. Sisi huku siku hizi tunapata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba, basi kahawa inatoka safi kabisa.

Nne, onja kwanza bila kitu. Ukishasikia ladha yake, tia asali ya Tabora kidogo. Watu wa pwani wana kashata zao, sisi huku tuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa. Tafuna, nywa, utanishukuru.

Tukajiwekea sheria: saa kumi na mbili asubuhi, kabla watoto hawajaamka, kahawa uani, simu zinabaki ndani. Wiki ya kwanza tulinyamaza tu, jamani, nilisikia aibu kama mchumba. Wiki ya pili akaanza kunisimulia mambo ya kazini. Mimi nikamsimulia nilivyosoma kuhusu Wahaya, kwamba zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa kuchanjiana, punje za kahawa zilitiwa damu wakala, kwa kuwa punje mbili hukaa ndani ya tunda moja. Akacheka, "Sisi tunakunywa bila damu, inatosha." Nilikuwa sijamsikia akicheka vile muda mrefu.

Ndipo akasema, "Jumamosi nikupeleke Tabora."

Tukajaza kahawa kwenye chupa ya chai, tukapanda basi kupitia Nzega. Ukitoka Tabora mjini kidogo unafika Kwihara, ilipo Tembe ya Livingstone. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene, paa la bapa na ua katikati. David Livingstone na Henry Stanley walikaa hapo mwanzoni mwa mwaka 1872, wakaagana Machi, na Livingstone akabaki hadi Agosti kabla ya kuanza safari yake ya mwisho. Lakini hata kabla yao, Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokelewa na wafanyabiashara Waarabu. Hii ndiyo iliyokuwa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, na watumwa nao walipita hapa. Ni vizuri kuyakumbuka hayo yote mawili ukiwa unashangaa uzuri wa nyumba.

Na uzuri upo. Kilichonisimamisha mimi ni mlango. Mlango wa mbao wa kuchongwa, kama ile ya Zanzibar na Bagamoyo, umekaa katikati ya udongo wa Unyanyembe. Nikausogelea nikafuata nakshi kwa macho, nikimwaza fundi. Mimi ambaye nilizoea kudhani sanaa ni kitu cha ukumbi wa kulipia kiingilio, nilisimama pale kama mtoto.

Nikamwambia mume wangu, "Unajua Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hata milango? Mlango wa kuchongwa wa kabla ya 1940 huwezi kuutoa tu nchini bila kibali." Nikaendelea kujitapa na usomaji wangu: kwamba kwenye makumbusho ya Metropolitan kule New York kuna kiti cha Kinyamwezi cha karne ya 19, mgongo wake umechongwa umbo la mtu. Kwamba mwaka 1953 Hans Cory alitoa kitabu kizima juu ya michoro ambayo wacheza na nyoka wa huku kwetu walikuwa wakiichora kwenye kuta za ndani za nyumba zao. "Sanaa ya kwenu inajulikana duniani, baba watoto, ila wewe hujawahi kuniambia!"

Hakunijibu. Akaenda kukaa kivulini, akamimina kahawa, akashika kikombe bila kunywa. Nikajua kuna jambo.

"Mdogo wangu amepata mteja wa kiti cha bibi," akasema. "Mtu wa kununua vitu vya zamani. Anakuja kukichukua Jumatatu. Mimi nimekubali."

Kile kiti nakijua. Ni isumbi la miguu mitatu, limechongwa kutoka gogo moja, jeusi kwa kukaliwa. Bibi alirithi kwa mama yake. Nikamuuliza kwa nini. Hapo ndipo yakatoka yote. Alikopa akalima pamba, mvua ikamtupa. Deni linazaa. Ada ya chuo ya mtoto wetu mkubwa haijalipwa, na muda wa mwisho ni mwisho wa mwezi. Alikuwa amenificha tangu nilipokuwa Dar.

Sitawadanganya, nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Deni halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nalala pembeni ya mtu anayebeba mzigo peke yake, na mimi nalalamika kuwa hatuongei. Lakini nilipotulia nikakumbuka stoo ya dada yangu. Na mimi je? Si nilikuwa na siri yangu, imefunikwa turubai, inanisubiri nichoke niondoke?

Nikamwambia nayo. Akaniangalia muda mrefu. "Kwa hiyo ulikuwa hujafika," akasema. Nikajibu, "Nilikuwa sijafika."

Jumapili tulishukia njiani, tukaenda kwa bibi. Tukasalimia, "Mwangaluka, mayu," tukakaribishwa. Mume wangu akamweleza kuwa kiti hakiuzwi tena. Nilitegemea bibi afurahi, apige hata kigelegele. Wapi! Akauliza, "Na ada ya mtoto?" Nikasema mkamwana wako ana vyombo vyake Dar, vinauzwa. Bibi akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na isumbi, akaliweka mbele yangu. "Kaa," akasema. "Kiti ni cha kukalia. Mnakitazamatazama nini?"

Nikakaa. Mume wangu akamimina kahawa iliyobaki kwenye chupa, ya jana na imepoa, bibi akaonja akakunja uso, akasema chungu. Akatia asali vijiko vitatu.

Dryer na sinki vimeuzwa. Hela ilitosha ada, ila deni la pamba bado tunalo, tunalipa kidogokidogo, na asubuhi nyingine mazungumzo ya uani ni hesabu tupu na mtu ananyanyuka amenuna. Sisemi kahawa inatibu ndoa. Ninachosema ni kwamba inachukua robo saa kukaanga, usiku mzima kulala, dakika nne kuiva, na katika muda wote huo huna pa kukimbilia, ni wewe na mwenzio. Na ukisafiri naye, usipite tu. Simama kwenye mlango, tazama kiti, uliza nani alichonga. Utashangaa mwenzio atakavyoanza kusema yake.

Basi wapenzi, nenda ukaulize kwenu kuna nini cha kale, kabla Jumatatu ya mtu haijafika. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.