Msumeno wa zamani katika majani

Mfanyakazi mwenzetu mmoja alifika dispansari, kidole kimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Alikuwa anafyeka majani katika shamba lililoachwa, nje ya Lubumbashi, panga likagonga chuma. Akakivuta apate kukiuza kwa kilo, meno yakamkata. Akakaa nyumbani siku mbili. «Muganga, ni kutu tu,» akaniambia.

Kutu peke yake haileti tetanosi. Mdudu wake anakaa miaka mingi katika udongo na mavi ya wanyama, na chuma kilicholala chini kinambeba. Mara nyingi ugonjwa unajitokeza kati ya siku 3 na 21, basi aliye mzima leo asijisifu. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, uje siku ileile tuangalie kama sindano zako zimetimia.

Jumapili nilikwenda kukiona chuma chenyewe (udadisi ndio ugonjwa wangu). Ni meza ya chuma yenye mwanya katikati, msumeno wa duara umesimama ndani yake. Kando kuna magurudumu mawili ya mkanda, yamepakana: moja limekazwa kwenye mhimili na kuuzungusha, lingine linazunguka bure. Mkanda ukisukumwa kwenye lile la bure, msumeno unasimama. Ndiyo mashini ya shamba ya kukata kuni, iliyovutwa kwa mkanda kutoka kwenye trakta au injini nyingine.

Wengine wanasema: paka mafuta, funga injini, ifanye kazi tena. Nakataa. Haina kinga ya mikono, na sahani iliyonyeshewa miaka yote hiyo yaweza kuwa na ufa usioonekana. Kuivunja kwa nyundo nakataa vilevile. Watoto wetu waone kuni zilikatwa vipi kabla ya msumeno wa petroli.

Kwanza soma herufi na namba zilizomo ndani ya chuma, uziandike, kwa maana msasa unafuta jina la kiwanda. Rangi ya zamani usiikwangue kavu wala kuichoma. Mara nyingi ina risasi, na vumbi lake ni sumu. Iinue juu ya matofali, chini ya paa, na chuma kitupu ukipake mafuta.

Mwenzetu alipona. Ni yeye aliyepasua mpira wa zamani wa maji na kuyafunika yale meno.