USIMFICHE YESU JUMANNE



Juzi nikiwa Kakuma niliingia hoteli moja kunywa chai. Kwenye televisheni walikuwa wameweka vipindi vya zamani vya Johnny Cash, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani. Mzee mmoja wa kanisa akaninong'oneza, "Mchungaji, tuondoke. Hizi ni nyimbo za dunia."

Nikamwambia, ngoja kidogo, mzee wangu. Kipindi hicho kilirushwa kuanzia 1969 hadi 1971, kutoka ukumbi wa Ryman, Nashville. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa mwaka wa 1892 kwa ajili ya kuhubiri Injili, na aliyeujenga ni mwenye meli aliyeokoka. Humo ndimo Cash, mwaka wa 1970, alisema mbele ya kamera kwamba yeye ni Mkristo. Wakubwa wa televisheni hawakufurahia. Walitaka nyimbo, si ushuhuda. Lakini alisema.

Sikuambii alikuwa malaika. Vidonge vilimtesa miaka mingi. Na ziko nyimbo za kantri zinazosifu ulevi na uzinzi; hizo ziache. Lakini mtu huyo hakungoja Jumapili ndipo amtaje Bwana wake.

Hapo ndipo Roho alinichoma. Mwezi uliopita hapa Lodwar nilikaa kwenye mkutano wa kuandika majina ya watu watakaopewa chakula. Wajane wawili walirukwa, na sote tulijua kwa nini: hawakuwa na kitu kidogo cha kutoa. Mimi, mchungaji wenu, nilinyamaza. Nikamaliza soda yangu, nikaenda nyumbani. Jumapili nikahubiri kwa sauti kubwa.

Mpendwa, kumkiri Yesu kanisani ni rahisi, maana kila mtu anaitikia amina. Soma Mathayo 10:32. Yesu anazungumzia kumkiri mbele ya watu. Watu hao ni akina nani? Ni mkubwa wako ofisini. Ni wenzako wa bodaboda pale stejini. Ni ile kamati ya maji. Ukinyamaza mbele yao mnyonge akidhulumiwa, umemficha Yesu, hata kama una Biblia kwenye begi.

Kesho narudi kwa waandikaji wa ile orodha, niyataje yale majina mawili. Niombeeni.

Nawe, ulinyamaza wapi? Rudi hapo wiki hii.