Lawama kwa Wananchi Hazizimi Moto

Nimesoma hoja kwamba miongozo ya zimamoto nchini inatosha, na kwamba tatizo ni wananchi wanaochelewa kupiga 114. Siikubali hata kidogo.

Mwenye hoja aje Ngaramtoni, Arusha, siku ya soko. Asimame kwenye uchochoro wa mitumba: maturubai yamefungwa kamba kibanda kwa kibanda, mama lishe anageuza chapati juu ya jiko la mkaa, na hatua tatu kutoka hapo pana mtungi wa gesi. Pikipiki yenyewe inapita kwa shida. Hata simu ikipigwa papo hapo, gari la zimamoto litapita wapi?

Sheria ya zimamoto na uokoaji ya mwaka 2007 ni nzuri. Lakini zile dakika za mwanzo, kabla gari halijafika, ni za nani? Mwongozo wa taifa uanzie hapo: upana wa njia sokoni, matangi ya maji, ndoo za mchanga, vijana wa mtaa waliofunzwa na kutambuliwa. Tena uharakishwe, maana serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi itazidi kuongezeka.

Mwaka 1994, katika shule ya Shauritanga, Rombo, makumi ya wasichana waliteketea bwenini. Nani atathubutu kuwaambia wazazi wao kwamba wananchi ndio wenye kosa?

Wizara ya Mambo ya Ndani iwaite wachuuzi wa masoko kama la Ngaramtoni mezani, kabla haijaandika mstari mwingine wa mwongozo.