Kilimanjaro yafurika, magari ya Kenya yaishia mjini

Julai hadi Septemba, na tena mwisho wa mwaka, geti la Marangu hujaa wapanda mlima na vyumba Moshi huwa vya kugombea. Msafirishaji wa Kenya anayepitia Taveta na Holili huambulia kidogo.

Akifika Himo, barabara ya Marangu iko kulia kwake, lakini hapandi. Kwa makubaliano ya 1985, gari la watalii la nchi moja haliingii hifadhi za nchi ya pili. Wageni hushushwa mjini na kuhamishiwa gari la wenyeji. Kenya nayo Desemba 2014 iliyazuia magari ya Tanzania kuingia uwanja wa Jomo Kenyatta, hadi Machi 2015. Julai 2025 Tanzania ikawafungia wasio raia kazi ya kuongoza watalii.

Kituo cha pamoja cha mpakani kimepunguza foleni ya mihuri tu. Kinachokula faida ni kurudi tupu, au kumsubiri mgeni anayekaa mlimani siku 5 au 6. Msimu ukijaa, kila siku kuna wanaoshuka wakielekea Kenya. Mwenye mshirika Moshi huwapata hao kabla hajawasha gari.