Risasi kuukuu si mpira wa kupaka mafuta

Kwenye soka la mitaani, kufufua kifaa cha zamani ni sifa. Kiatu kilichofunguka soli kinashonwa, mpira unaovuja unapigwa kiraka, na enzi za mpira wa ngozi watu waliupaka mafuta usikakamae. Tatizo ni pale tabia hiyo inapohamia kwenye mchezo wa kulenga shabaha.

Walengaji wa nchi za nje wana mjadala wao: risasi zilizozeeka zipakwe mafuta upya, au ziachwe? Hoja yao ina mantiki. Kichwa cha risasi ndogo ya shabaha, ile ya .22, ni madini ya risasi, laini kweli kweli, ndiyo maana kiwandani hupakwa nta au grisi. Bila utando huo madini yanagandia ndani ya mtutu na shabaha inaanza kutawanyika. Miaka ikipita utando unakauka, na kichwa kinaota unga mweupe. Sasa kwenye bunduki ya mita 50, duara la katikati lina upana wa milimita 10.4 tu. Utando mkavu unaweza kukunyima medali.

Hata hivyo, mimi nasema hapana. Nta inaishia kwenye kichwa. Baruti na kiwashio vilivyo ndani vinabaki na uzee wao. Mafuta yakipenya huko, risasi inaweza kugoma, au ikalipuka kwa nguvu ndogo na kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kukupasukia usoni. Na ule unga mweupe ni sumu. Mpira ukipasuka tunacheka, mechi inaendelea. Hapa hakuna marudio.

Kwa watu wa Ngara na Biharamulo suala hili lina uzito zaidi. Tunakumbuka mwaka 1994 na umati wa wakimbizi waliovuka Rusumo. Tunakumbuka mabasi yakisindikizwa na polisi kwenye misitu ya Biharamulo kwa kuhofia majambazi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, na mwaka 2022 Serikali ikatoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Huku kwetu, kijana akikutwa anapaka nta risasi kuukuu, nani ataamini kwamba ni mwanamichezo?

Lakini mchezo wenyewe usihukumiwe. Paris 2024 ulikuwa na medali za dhahabu 15. Mturuki Yusuf Dikeç, akiwa na miaka 51 na mkono mmoja mfukoni, alichukua fedha ya timu mchanganyiko kwa bastola ya upepo ya mita 10, isiyotumia baruti kabisa. Sisi tangu Bayi na Nyambui, Moscow 1980, hatujaona medali ya Olimpiki.

Shabaha ipo kwenye michezo ya majeshi yetu, ila raia anaisikia redioni tu. BMT na majeshi wakae mezani, walete bunduki za upepo, kocha na uwanja wenye ulinzi, hata kimoja tu kwa Kagera nzima. Vipaji vipo Rulenge, vipo Nyakahura.

Na wewe mwenye risasi kuukuu kabatini, usiipake kitu. Ipeleke polisi.