Kuachilia Nafsi Si Kujifuta

Kanamkemer, hapa Lodwar, mtu huulizwa mapema: wewe ni wa wapi, wa nani? Ndiyo maana fundisho la Buddha la anatta, kwamba hakuna nafsi ya kudumu, huzua upinzani. Hoja zinazotolewa zinastahili majibu.

“Buddha anasema wewe hupo.” Hakusema hivyo. Mtafuta ukweli aitwaye Vacchagotta alipomuuliza kama nafsi ipo, Buddha alinyamaza. Alipomuuliza kama haipo, akanyamaza tena. Alichofundisha ni hiki: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na ufahamu, vyote hubadilika wala havitii amri yetu. Anayekula na kulia yupo; kiini kisichobadilika ndicho kisichopatikana.

“Utambulisho haubadiliki.” Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan. Mwaka 2011 kwao kukawa Sudan Kusini, na aliyekuwa bado kambini akapata nchi mpya bila kuvuka mpaka wowote. Mwanamume wa Kiturkana naye huweza kuitwa kwa jina la maksai wake ampendaye, jina ambalo hakuzaliwa nalo.

“Asiye na nafsi hana wajibu.” Angulimala, muuaji aliyeogopwa, aliacha upanga akawa mtawa. Alipokwenda kuomba chakula, watu walimpiga mawe hadi akavuja damu. Buddha hakumwambia kwamba muuaji yule hayupo tena; alimwambia avumilie, kwani hayo ni matunda ya matendo yake. Tendo lina matokeo hata kama mtendaji amebadilika.

“Mkimbizi amepoteza kila kitu, sasa mnampokonya na jina!” Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na sehemu yake ni kweli. Kunyang'anywa ni dhuluma. Kuachilia hufanywa na mwenyewe kwa hiari. Afisa yeyote asitumie fundisho hili kumnyima mtu kitambulisho, shule au ardhi. Lakini tutazame uvamizi wa mifugo kati ya Waturkana na Wapokot: mmoja akiuawa, kisasi humwangukia yeyote wa upande wa pili, hata mtoto mchungaji, kwa sababu machoni pa mlipizaji mtoto huyo ni kabila tu. Hapo ndipo kung'ang'ania utambulisho kunapoua.

Ukilifuata fundisho hili, lugha ya mama utaendelea kuizungumza na haki yako utaendelea kuidai. Utakachopoteza ni sababu ya kumchukia mtu kwa kosa la kuzaliwa upande wa pili.