Mgeni Achorwe, Asirudi Mikono Mitupu

Tunasikia watu wakicheka: eti kumweka mchoraji katika harusi, achore sura za wageni kwa rangi za maji, ni mambo ya Wazungu. Sisi tunakataa. Mwaka 1926, kule Bukama, Katanga, mtumishi wa serikali ya koloni, Georges Thiry, alikuta michoro ya Albert Lubaki kwenye kuta za nyumba. Akampa karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 kazi zake zikaonyeshwa Bruxelles. Mkono ulikuwa wa kwetu. Karatasi na rangi tu ndizo zilizotoka mbali.

Sasa tutazame harusi zetu kandokando ya ziwa, toka Kavimvira mpaka Kalundu. Kamera inafuata maharusi, keki, na wakubwa wa viti vya mbele. Na yule mzee aliyezungumza mali mpaka familia mbili zikapatana? Anakula, anapiga makofi, anarudi mikono mitupu. Picha yake, kama ipo, imebaki ndani ya simu ya mtu.

Mchoraji, yeye, lazima aketi mbele ya mzee, amtazame vizuri. Hiyo ni heshima. Kweli, hatamaliza wageni 300. Basi aanze na wazee. Na vijana wetu wanaochora mabango ya maduka hapa Uvira nao wapate kazi.

Wazazi, mnapopanga pesa za feti, punguzeni ghorofa moja ya keki, mumlipe mchoraji. Mgeni ni baraka. Tusisahau sura yake.